Naombeni ushauri: majibu ya maabara ya maji yametoka mabaya, mwenyekiti anataka tukae kimya

KatibuWaMserereko:
Wakuu habari za majukumu, naombeni mawazo maana hapa hata usingizi sina. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji (CBWSO) kijijini huku Meru, Arusha. Mradi wetu ni wa mserereko, maji yanatoka chemchemi huko juu yanaingia tenki la lita 50,000 halafu yanashuka kwenye vilula (vile vituo vya kuchotea maji) na nyumba chache zilizovuta. Kiangazi chemchemi inapungua sana, sasa tukaongezewa kisima kirefu cha pampu ya sola, na maji yake yakaungwa moja kwa moja kwenye bomba la vitongoji vya chini.

Tumepeleka sampuli maabara. Tenki liko safi ila kilula cha mwisho kule bondeni kimekutwa na E. coli. Floridi, chemchemi ina 0.6 na kisima kina 2.8 mg kwa lita. Mwenyekiti anasema tusitangaze, watu wataacha kulipia ndoo, hela ya fundi na mlinzi itatoka wapi, halafu eti wengi wanachemsha kwahiyo hakuna shida. Na dawa ya klorini wananchi hawaitaki kabisa, wanasema inanuka na wengine wanasema inamaliza nguvu za uzazi. Tuanzie wapi? Na sheria inatubana vipi?

FundiBombaKaskazini:
Pole sana mkuu. Kwanza tenganisha hizo ishu mbili maana dawa yake si moja. E. coli maana yake kinyesi kimeingia kwenye maji, iwe cha mtu au cha mnyama, kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri kwenye mililita 100, hakuna kujadiliana. Hiyo kuchemsha kunaua. Floridi haiuawi, ni madini, ukichemsha maji yanapungua kwenye sufuria yenyewe inabaki, kwahiyo anayechemsha sana anajiongezea. Mwenyekiti akisema wachemshe tu anajibu nusu ya tatizo, hiyo nusu nyingine anaizidisha.

Tenki safi kilula kichafu, hapo mimi naangalia bomba kabla ya kitu kingine. Mna mgao? Bomba likikauka presha inaisha, na penye ufa linavuta matope ya nje, kama limepita karibu na choo au zizi ndo imeisha hiyo. Tembea na fundi njia nzima kutoka tenki mpaka bondeni, angalia palipo na majani mabichi kiangazi, angalia jointi zilizofungwa mpira wa baiskeli, na hivyo vyumba vya valvu vilivyojaa maji machafu. Chukua sampuli tena katikati ya njia ujue uchafu unaanzia wapi. Na koki ichomwe moto kwanza, maji yaachwe yatiririke, chupa ya maabara isishikwe mdomo, ikae kwenye baridi ifike siku hiyo hiyo. Sampuli ikichukuliwa ovyo inaweza kuwapa majibu ya uongo.

MzeeWaPampu:
Mimi niko na mwenyekiti kidogo. Ukitangaza kwa pupa watu wanarudi mtoni na mfereji, huko ndo kuna uchafu mara mia. Rekebisheni kimya kimya, mkimaliza ndo mseme.

DadaAfyaKijijini:
Shikamoo mzee, ila hapo hapana. Wakati mnarekebisha kimya kimya kuna mtoto anakunywa hayo maji na mama yake hajui kwamba achemshe. Watu wanakimbilia mtoni pale wanapoambiwa maji ni mabaya halafu wanaachwa hapo. Waambieni mambo matatu kwa mpigo, tatizo ni nini, nyumbani wafanye nini leo, na jumuiya inafanya nini. Bondeni wachemshe ya kunywa, na hayo ya kunywa wachote kilula cha chemchemi, ya kisima wafulie na kunywesha mifugo mpaka mtengeneze.

Floridi msiichukulie poa. Mtoto chini ya miaka 8 meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, akinywa hayo yanaota na madoa ya kahawia na hayasafishiki. Mnaoishi huko mnawajua watu wa hivyo. Kiwango cha juu kilikuwa 4 zamani, siku hizi kwenye TZS 789, kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, ni 1.5 sawa na WHO, kwahiyo hiyo 2.8 imevuka. Na muwaambie akina mama wapunguze magadi kwenye maharage na makande, yale yanayotoka huko kwenu yana floridi nyingi yenyewe, unaweza kurekebisha maji ukaishia kuila kwenye chungu.

FundiBombaKaskazini:
Naongezea hapo kwa dada. Acheni kuingiza kisima kwenye bomba, pandisheni maji yake mpaka tenkini yachanganyike huko. Chemchemi 0.6 na kisima 2.8, mkichanganya nusu kwa nusu mnapata 1.7, bado. Sehemu mbili za chemchemi kwa moja ya kisima inakuja kama 1.3, mmepita. Ila pigeni hesabu kwa maji ya kiangazi kile kikali sio ya masika, na fungeni mita pande zote mbili, bila mita mtakuwa mnabahatisha.

Klorini: tenki lenu likijaa, dozi ya mg 2 kwa lita ni gramu 100 za klorini yenyewe, kwa ule unga wa 65% ni kama gramu 154. Mimina unga kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, usimwagie maji juu ya unga, acha utulie, yale maji meupe ya juu ndo umimine tenkini. Subiri nusu saa ndo upime, na kilula cha mwisho kibaki na klorini mg 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Harufu kali ni dozi kubwa, kwahiyo anzeni chini mpande. Maji yakiwa na tope dawa inaliwa na tope. Na hiyo ya uzazi bwana afya aje aijibu mwenyewe mbele za watu, akiijibu mwenyekiti hawataamini.

MtumishiMstaafu:
Kisheria, jumuiya yenu iko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa Sheria Na. 5 ya 2019, kwahiyo majibu yapelekeni kwa meneja wa wilaya kwa barua, nakala kwa mtendaji na bwana afya, na muhuri wa kupokelewa upigwe kwenye nakala yenu. Ombeni kwa maandishi fundi wa kuhamisha hilo bomba la kisima. Muandike kwenye daftari la mradi tarehe ya kila kipimo na aliyepima. Na angalieni ile mita 60 ya hifadhi kuzunguka chemchemi, kama kuna mtu analima mboga humo huyo ndo wa kuanza naye.

KatibuWaMserereko:
Asanteni sana wakuu, mzee na dada pia. Barua naiandika usiku huu. Mwenyekiti nimempigia nikamsomea hiyo ya kuchemsha na floridi akanyamaza kidogo, akasema basi mkutano uitishwe ila bwana afya awepo. Fundi, kifaa cha kupimia klorini kile cha vidonge vinavyogeuza maji rangi ya waridi kinatosha, au ni lazima cha digitali?

FundiBombaKaskazini:
Cha vidonge kinatosha. Angalia tu vidonge visiwe vimepita muda wake, na usivishike kwa vidole.