Mafundi, acheni kuihukumu giaboksi ya otomatiki kabla hamjagusa hata breki!

Wakuu, nina hasira, na ninaandika nikiwa nazo makusudi, maana zikishapoa nitaanza kuwatetea mafundi kama tunavyofanya siku zote.

Gari yangu ni ya zamani, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, otomatiki ya gia nne. Injini haina shida. Ugonjwa wake ni mmoja: ikishapata moto, ukiwa mwendo wa 60 mpaka 80 na mguu umegusa mafuta kidogo tu, inatetemeka sekunde mbili tatu kama unapita juu ya rasta, kisha inatulia. Ukikanyaga zaidi inaacha. Ukiachia kabisa inaacha. Ukirudi kwenye ule mguu mwepesi, hiyo hapo tena. Asubuhi ikiwa baridi, hakuna kitu.

Someni tena aya hiyo, maana jibu karibu lote limo humo. Joto, mwendo, mguu mwepesi. Ndivyo nilivyomweleza fundi wa kwanza, na kabla hata hajafungua mlango wa gari akanijibu, "Maunti hizo, bosi." Maunti, yaani mipira inayoshikilia injini na giaboksi, zikabadilishwa. Ikiwa silensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, gari ikatulia vizuri tu, barabarani ikatetemeka vilevile. Wa pili aliizungusha kidogo, mwendo haukufika hata 50, akarudi na hukumu mkononi: "Giaboksi imekwisha hii, bosi. Tafuta mtumba, tushushe, tupandishe." Nikamuuliza, umejuaje? "Hizi gari zikizeeka ndivyo zinavyokuwa."

Ndivyo zinavyokuwa! Mtu anataka kushusha giaboksi nzima, aiweke nyingine ambayo hajui ilikotoka wala ilichokipitia, na ushahidi wake ni kwamba gari imezeeka.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji hata spana. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na gari nyuma yako. Shika mwendo ule ule wa mtetemo. Ukianza kutetemeka, mguu wa kulia usiuondoe kwenye mafuta. Kwa mguu wa kushoto gusa pedali ya breki kidogo kabisa, taa za breki ziwake tu, gari isipunguze mwendo. Swichi ya breki inapeleka taarifa kwenye kompyuta ya giaboksi, nayo inaachia klachi ya lokapu. Mtetemo ukikata papo hapo, mshale wa mizunguko ukapanda kidogo, halafu ukitoa mguu kwenye breki vyote vikarudi, umeshajua pa kuanzia. Yangu ilikata kila nilipogusa. Mshale ulipanda kama mizunguko 300 hivi. Hicho ndicho kipimo ambacho hakuna hata mmoja wao alikijaribu, na wote walikuwa na breki miguuni.

Kwa wasiojua lokapu: kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna toki konvata, inayopitisha nguvu kwa oili badala ya chuma kushikana na chuma. Ndiyo maana gari inasimama ikiwa kwenye D bila kuzimika. Lakini oili ina mteleza, na mteleza ni mafuta yanayopotea bure. Kwa hiyo mwendo ukishatulia, klachi iliyo ndani ya hiyo konvata inashika, injini na giaboksi vinazunguka pamoja. Hiyo klachi ina bitana ya aina ya karatasi ngumu inayoogelea kwenye oili, na namna inavyoshika inategemea viungo vya msuguano, yaani kemikali za kurekebisha msuguano, vilivyomo kwenye oili. Viungo hivyo vikichoka, au oili ikiwa si yake, bitana inashika, inateleza, inashika, inateleza, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Huo ndio mtetemo wenyewe. Si gia zilizovunjika, si giaboksi iliyokufa. Na kuna giaboksi ambazo lokapu yake imetengenezwa iteleze kidogo kwa makusudi ili gari iende laini. Hizo ndizo zinazodeka zaidi kwa oili.

Sasa hapa niwe mkweli, kwa sababu najua kuna mjuaji ataruka. Kipimo cha breki kinaweza kukudanganya. Lokapu ikishika, ule ulaini wa oili unaondoka na injini inabebeshwa mzigo ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Kama una koili dhaifu au plagi imechoka, injini inamisi (silinda moja inakosa kuchoma mafuta) hapo hapo, kwenye mwendo ule ule, na ukigusa breki inajificha. Wengi wameshusha giaboksi kwa ajili ya plagi. Dalili inayosaidia ni hii: injini inayomisi kwa kawaida itakusumbua pia ukipanda mlima kwa mguu mzito, hata lokapu ikiwa haijashika. Ya lokapu ukikanyaga sana inapotea, kwa sababu kompyuta inaiachia.

Kama una mashine ya kupimia, usiishie kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari. P0300 mpaka P0304 zitakuambia injini ya silinda nne inamisi, P0741 itakuambia lokapu haishiki inavyotakiwa, lakini mtetemo unaweza kukutesa muda mrefu bila kodi yoyote kuandikwa. Fundi mmoja aliniambia "taa ya injini haijawaka, kwa hiyo si umeme, ni giaboksi." Taa haijawaka, basi! Fungua data zinazotembea, linganisha mizunguko ya injini na mizunguko ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, kama gari yako ina sensa hiyo. Kwenye giaboksi inayofunga lokapu moja kwa moja, ikishashika tofauti inatakiwa iwe karibu na sifuri na itulie. Ikirukaruka wakati gari inatetemeka, ni lokapu. Ikiwa imetulia na gari bado inatetemeka, rudi kwenye plagi, koili na nozeli. Yangu ilirukaruka. Plagi nilibadilisha hata hivyo, muda wake ulikuwa umefika, na mtetemo haukujali.

CV jointi ya ndani inatikisa ukikanyaga sana, tairi lisilo na balansi linatikisa kwa mwendo bila kujali mguu uko wapi. Hizo mbili nilizitoa kwenye orodha mapema.

Haya, tuje kwenye kilichonifanya nifungue uzi huu. Fundi wa tatu alikubali kuwa inaweza kuwa oili. Nikafurahi, nikasema hatimaye. Akaleta oili nyekundu ya kupima kwenye pipa, Dexron III. Gari yangu inataka Type T-IV. Sikuhitaji hata kufungua kitabu kujua hilo, imeandikwa kwenye mshikio wa stiki ya kupimia oili, ile ile stiki aliyoichomoa, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha! Nilipomwonyesha maandishi akacheka: "Bosi, haidroliki ni haidroliki tu, zote nyekundu." Alikuwa ameshamimina. Mtetemo uliokuwa wa sekunde mbili tatu ukawa wa barabara nzima.

Rangi ni rangi tu, wakuu. Inatiwa ili uione ikivuja usiidhanie oili ya injini. Haikuambii chochote kuhusu msuguano. Na wenye CVT, otomatiki ya mkanda na puli badala ya gia, ndio muogope zaidi: ukiambiwa oili ya NS-2 au NS-3, halafu mtu akakumiminia ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida, unaua mkanda wa chuma na puli zake, na hapo kweli utatafuta giaboksi.

Huyo huyo alipima kiwango cha oili injini ikiwa imezimwa na ya baridi. Yangu inapimwa ikiwa ya moto, injini ikiwa silensa, lever ikiwa P baada ya kuipitisha kwenye gia zote taratibu. Honda wao wanataka uipashe moto, uzime, halafu upime ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Fundi anayepima gari zote kwa namna moja atakuwekea oili pungufu au ya kuzidi, na vyote viwili vinaleta hewa kwenye oili.

Mwishoni nilisimama mwenyewe juu ya kazi, sikuondoka hata kunywa maji. Sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikashushwa. Oili ilikuwa ya kahawia, imeanza kunusa kuungua kidogo, lakini haikuwa nyeusi. Kwenye sumaku zilizomo ndani ya sampo kulikuwa na tope laini la kijivu, ukilisugua kati ya vidole halikwaruzi. Hilo ni la kawaida, ni uchakavu wa miaka. Ungeona vipande vinavyometameta, au magamba meusi ya bitana yametuama chini, hapo ungeanza kuzungumza habari za kufungua. Na ukikuta oili imekuwa ya pinki kama imechanganywa na maziwa, simama: maji ya rejeta yameingia, kwa sababu kwenye gari nyingi kipozeo cha oili ya giaboksi kimo ndani ya rejeta. Maji hayo yanaachanisha gundi ya bitana. Ukibadilisha oili bila kubadilisha rejeta umefanya kazi bure.

Jambo jingine wanalolificha au hawalijui: ukimwaga kwa nati ya sampo unatoa chini ya nusu ya oili yote. Nyingine imebaki kwenye konvata. Kwa hiyo Dexron ya yule bwana haikutoka kwa mara moja. Unamwaga, unapima kilichotoka, unarudisha kiasi hicho hicho cha oili sahihi, unaendesha, unarudia. Mashine ya kusukuma kwa presha niliikataa. Kwenye giaboksi ya umri huu sitaki mtu anisukumie uchafu kwenye valvu bodi, ile sehemu yenye valvu zinazogawa presha ya oili. Kila tuliporudia mtetemo ulipungua, na sasa kwenye mwendo wa kawaida haupo. Umebaki kidogo kwenye mwinuko mrefu, joto likiwa limepanda sana. Ninavyoona, bitana imeshapata ung'avu kwa kuteleza muda mrefu, na hilo halirudishwi na oili.

Ikizidi, kitakachobadilishwa ni konvata, siyo giaboksi. Ndiyo, itabidi giaboksi ishuke, lakini inarudi ile ile. Hapo hapo solenoidi ya lokapu na valvu yake kwenye valvu bodi zinaangaliwa, maana tundu la hiyo valvu likilika presha inavuja na konvata mpya itatetemeka kama ya zamani. Kipozeo na mabomba yake yanasafishwa. Na konvata inazungushwa kwa mkono huku inasukumwa mpaka izame hatua kwa hatua na kukaa kwenye pampu. Fundi anayeivuta kwa bolti ili ifike anakuvunjia pampu siku hiyo hiyo, halafu atakuambia mtumba ulikuwa mbovu.

Vile vichupa vya dawa ya mtetemo ni viungo vya msuguano tu. Ukimimina na gari ikatulia, umethibitisha ugonjwa. Mimi nisingevitegemea zaidi ya hapo.

Na wale wa "oili ya giaboksi ya zamani haibadilishwi, itakufa," nawajua, mpo. ZF wa Ujerumani, ambao kazi yao ni kutengeneza hizo giaboksi, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 hata kwenye gari ambazo wenye kiwanda cha gari wanasema oili ni ya maisha. GM, watengeneza magari wa Marekani, walipopata mtetemo huu huu kwenye giaboksi zao za gia nane za kuanzia 2015, waraka wao kwa mafundi, 18-NA-355, ulielekeza oili yote itolewe na iwekwe nyingine ya aina tofauti. Kama gia zako tayari zinateleza na gari haivuti, hapo sawa, oili mpya haitaotesha bitana. Lakini inayovuta vizuri na kutetemeka kwa lokapu tu, mnaizika ikiwa hai.

Maunti zangu za zamani, ambazo hazikuwa na hata ufa, sikurudishiwa. Hilo nalidai bado.

Mwenye tatizo kama hili aweke hapa aina ya giaboksi, oili iliyoandikwa kwenye stiki au kitabu chake, mtetemo unaanza mwendo gani, na ukigusa breki unakata au haukati. Picha ya sumaku za sampo ikiwepo ni vizuri zaidi. Na wewe unayekuja na "badilisha giaboksi tu mkuu," andika kwanza umepima kwa kitu gani.