Mrejesho: binti yetu aliyekuwa anakimbia madaftari

Wakuu, ni mimi wa Uyole, Mbeya, niliyeomba ushauri kuhusu binti tuliyemuasili. Wenzake wawili tunawafundisha nyumbani. Yeye tukifungua madaftari tu, huyo jikoni. Wengi mlisema nimpeleke bweni. Baba yao aligoma, nami sikulipenda: mtoto katoka kituo cha kulelea watoto, umrudishe tena kwenye vitanda vya deka?

Nikamsikiliza aliyesema nimfuate huko huko jikoni. Sasa hesabu tunafanyia kwenye viazi. Anapima kwa sado, anaandika bei ya debe, anapiga chenji, na kaka yake akikosea anamsahihisha bila huruma. Kusoma bado kunasuasua, ila jioni anamsomea mdogo wake kwa sauti, wamejifunika blanketi moja, maana baridi ya Julai ya huku mnaijua.

Aliyeuliza kuhusu karatasi za kuasili mtoto: amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Mitihani? Kidato cha nne kuna njia ya watahiniwa wa kujitegemea, kwa kupitia Mtihani wa Maarifa (QT), ule wa kumpa mtu sifa ya kufanya wa kidato cha nne. Huko bado mbali. Kwa sasa madam anadai mizani yake mwenyewe.