Siku 3 kwa miguu hadi Kilwa: maji, mikoko na wanazuoni

Swali: Wadau, tuko wanne, tunatembea pwani siku 3 hadi Kilwa Masoko, kisha tuvuke hadi Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Maji kiasi gani? Na kweli Kilwa ilikuwa na wanazuoni?

Jibu 1: Lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Visima vingi vya ufukweni vina chumvi, na klorini haiondoi chumvi. Maji ya tope yachujeni kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara nne, ndipo mtie kidonge cha klorini na kusubiri dakika 30. Uchafu hula dawa. Machi hadi Mei, wakati wa masika, msijaribu safari hii.

Jibu 2: Wengi hukwama kwenye mikoko. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda sana. Vukeni mkondo maji yakiwa yanakupwa, kamwe si yakianza kujaa. Viatu vya kufunga kamba; ndala tope huzing'oa.

Jibu 3: Msafiri wa Morocco Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Anasema watu walikuwa wa madhehebu ya Shafii, na masharifu walikuja kutoka Iraki na Hijazi. Msitafute jengo la chuo (kila mgeni huliulizia!), anzeni na Msikiti Mkuu, halafu Husuni Kubwa, jumba la sultani. Kibali chukueni Kilwa Masoko kabla ya kupanda dau.