Watoto wa kasa wanawekwa kwenye ndoo kungoja wageni: nani ameruhusu jambo hili pwani yetu?

Assalamu alaykum wadau,

Hasira zimenipanda na sitaki kuzificha. Kuna watu pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja wanauza safari ya jioni ya "kwenda kuona kasa". Kinachofanyika huko ni kuwaua hao kasa mbele ya macho ya wateja, na wateja wanapiga makofi. Naomba msome mpaka mwisho, hasa nyinyi wenye watoto mnaopanga kwenda likizo hii.

Nianze na simu. Nilitaka kuwapeleka wanangu pamoja na watoto wa kaka yangu. Skuli wamesomeshwa habari za kasa, na hawajapata kumuona hata mmoja zaidi ya yule aliyechorwa ukutani. Nikapewa namba ya kijana anayetembeza wageni. Nikamuuliza maswali ambayo mtu yeyote aliyekulia pwani angeuliza: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, ni bamvua au maji mafu, na hicho kiota kilifukiwa lini. Akanijibu, "Dada, hayo usijisumbue nayo. Wewe njoo saa kumi na mbili jioni kamili, utawaona, nakuhakikishia."

Uoza wote uko kwenye hilo neno "nakuhakikishia".

Kasa hana saa kumi na mbili kamili. Jike hupanda usiku, na kwa fukwe zetu za mashariki zilivyo, maji yakipwa mwamba unabaki mkavu mpaka mbali, kwa hiyo hungoja yajae ndipo apite. Akishapanda hutafuta mahali, huchimba kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia moja na kitu, hufukia, kisha huanza safari ya kurudi majini. Kazi hiyo humchukua saa nzima, mara nyingi mbili na zaidi. Akiona tochi au watu wanazungukazunguka kabla hajaanza kutaga, anageuza na kurudi baharini na mayai yake tumboni. Mayai nayo hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili, yakiwahi au yakichelewa kwa joto la mchanga, na joto hilohilo ndilo linaloamua kama watatoka majike au madume. Watoto wakishavunja maganda hawatoki papo hapo. Hukaa chini siku kadhaa, wanapanda pamoja kidogo kidogo, wakifika karibu na juu husubiri mchanga upoe. Ndiyo maana kwa kawaida hutoka usiku, na hakuna mtu, awe mtaalamu au mvuvi wa miaka yote, anayeweza kukutajia dakika.

Sasa huyu anayekuhakikishia saa, amejuaje? Amejua kwa sababu walishatoka. Wamo ndani ya ndoo.

Nimeiona kwa macho yangu. Tulipofika, wageni wameshapangwa mstari na jua halijazama bado. Ndoo ya buluu, zile tunazochotea maji, chini ina mchanga kiganja kimoja, juu imefunikwa kanga mbichi. Kabla haijafunuliwa nilisikia mkwaruzo kwenye plastiki, mdogo lakini haukatiki. Ilipofunuliwa, watoto wa kasa walikuwa wamepandana, migongo myeusi, matumbo meupe, kila mmoja mdogo kuliko kiganja cha binti yangu. Baadhi wanapiga mapezi hawasiti. Wengine wameshatulia. Mmoja amelala chali, pezi lake moja tu ndilo linalosogea, na watu wote wale waliozunguka ndoo hakuna aliyemgeuza mpaka nilipoingiza mkono mimi.

Kulikuwa na kijana msaidizi, mdogo, kama makamo ya mwanangu mkubwa. Nikamuuliza hawa wametoka lini. Hakuficha kitu: "Jana usiku, mama. Tuliambiwa tuwaweke mpaka wageni waje."

Jana usiku! Asiyejua atasema, usiku mmoja na mchana mmoja ni kitu gani? Basi na ajue. Mtoto wa kasa anapotoka ardhini ana akiba moja tu, kile kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake. Kwa akiba hiyo anakimbia mchangani, anapiga mbizi kwenye mawimbi, na anaogelea bila kupumzika karibu siku nzima ili apite maji ya karibu yenye samaki wa kumla, afike bahari kuu. Mbio hizo ni za mara moja katika maisha yake. Ukimtia ndooni, anazikimbia humo humo ndooni. Nguvu zote zinaishia kwenye kuta za plastiki, halafu jioni unamwachia majini hana kitu, samaki wanamngoja pale pale ukingoni, na wewe unarudi hoteli na picha ukidhani umemuokoa. Wataalamu hukisia kwamba katika watoto elfu moja ni mmoja hivi anayefika umri wa kuzaa, na kasa huchukua miaka 20, 30 na hata zaidi kufika umri huo. Nani amempa mtu wa ndoo mamlaka ya kumgusa huyo mmoja?

Kilichofuata sitakisimulia chote. Wageni walipewa kila mtu wake amshike, mikono imejaa mafuta ya kujikinga na jua. Flashi za simu usoni mwao. Kunguru wametanda juu ya mivinje wakitazama, kwa sababu jua lilikuwa bado lipo, na mchana ndipo kunguru anapofanya kazi yake. Wale wa mwisho waliachiwa giza limeshaingia, na hapo yakatokea ambayo kila mvuvi anayajua. Mtoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga, kwa sababu usiku wa asili bahari ndiyo inayong'aa kuliko nchi kavu. Nyuma yetu kulikuwa na baa ya hoteli imewaka taa nyeupe mpaka mchangani. Wakageuka. Wakaanza kupanda kuelekea kwenye viti vya baa, na watu wakacheka na kuwafuata na tochi. Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la nne, ndiye aliyepiga kelele, "Mnawapoteza njia, zimeni!" Hakuna aliyezima.

Nilipomkabili yule kijana aliyetuita, alinambia, "Dada, wateja wameshalipa." Pesa zangu hazikurudi, na mwenyeji mwenye kitambulisho cha Mzanzibari nilitozwa kwa dola. Hayo ya pesa nayaacha, si ndiyo yaliyonileta hapa.

Nina binamu yangu anaishi Australia, mji wa Melbourne. Huko kuna kisiwa kinaitwa Phillip, kiasi cha kilomita 140 kutoka mjini, ambako ngwini wa mwituni hupanda pwani kila jioni wakitoka kuvua. Ni ndege wadogo, urefu sentimita 33 hivi, uzito kilo moja. Alipokwenda na familia yake alinieleza walivyopanga, na nimekuwa nikiyafikiria maneno yake tangu nitoke kwenye ule ufukwe. Tiketi hukatwa mapema. Saa ya kwenda inabadilika mwaka mzima, kwa sababu inafuata machweo: majira ya joto ni karibu saa tatu usiku, majira ya baridi ni karibu saa kumi na mbili jioni. Watu wanafika mapema, wanakaa kwenye ngazi, wanavaa makoti kwa sababu ya baridi ya bahari, wananyamaza. Simu na kamera ni marufuku pale ngwini wanapopanda. Flashi au bila flashi, huruhusiwi kuitoa mfukoni. Ngwini wanatoka majini wanapotaka wenyewe, wanavuka mchanga, wanakwenda mashimoni kwao kulisha watoto. Hakuna anayemshika hata mmoja. Na watu wanajaa, wanalipa, wanarudi nyumbani wameridhika!

Tena kuna kubwa zaidi. Kulikuwa na mtaa mzima wa nyumba umejengwa kwenye rasi wanakoishi hao ngwini. Mwaka 1985 serikali ya jimbo la Victoria iliamua kununua nyumba na viwanja vyote vya mtaa ule na kuirudisha ardhi kwa ndege. Kazi ikaisha mwaka 2010. Miaka 25 wamenunua nyumba moja baada ya nyingine. Sisi tunashindwa kumwambia mwenye baa azime taa.

Msiniambie wao ni matajiri. Kunyamaza hakuna gharama. Kuzima simu hakuna gharama. Na hapa hapa kwetu tunajua kulinda tukitaka: Misali, kule Pemba, ambako kasa na ng'amba (naye ni aina ya kasa) wanapanda kutaga, ni eneo la hifadhi tangu 1998. Chumbe miamba yake imelindwa tangu 1994. Kasa mwenyewe analindwa kisheria Zanzibar nzima, yeye, nyama yake na mayai yake. Kwa hiyo mwenye ndoo anavunja sheria hadharani, na tangazo ameliweka kwenye mtandao.

Mnaopanga kwenda, basi pangeni kama wenye akili. Mkipiga simu, ulizeni kwanza nani analinda kiota na kilifukiwa tarehe gani. Mlinzi wa kweli atakutajia tarehe, atakwambia "kuanzia wiki hii tunawatazamia", na atakuonya kwamba unaweza kukesha na usione kitu. Huyo ndiye wa kwenda naye. Akikupa saa kamili, kata simu. Ulizeni watu wangapi wanaruhusiwa. Kundi likizidi kumi hivi, mie siendi. Tochi iwe moja, ya huyo mlinzi, mwanga mwekundu hafifu ambao kasa hauoni sana kama mweupe, na isielekezwe baharini. Vaeni nguo za giza, kaeni nyuma ya kiota na si kati yake na maji, watoto waelezwe mapema kwamba hapagusiki kitu. Mkimkuta jike anapanda, simameni palepale mlipo mpaka aanze kutaga. Na mkiona ndoo, beseni au boksi lenye kasa ndani, msilipe, ondokeni, toeni taarifa kwa sheha.

Nyongeza baada ya kusoma michango yenu

Kuna ndugu ameandika hapa kwamba nataka kuwakatia vijana riziki. Kaka yangu, vijana hao nawajua, ni watoto wetu, na yule aliyenambia ukweli nisingependa akose kazi hata siku moja. Lakini riziki ya ndoo ina mwisho. Jike mmoja huja kutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, kisha hupotea miaka miwili, mitatu au minne kabla hajarudi. Ukimtisha na ukamaliza watoto wake, huyo kijana atamuonyesha nani miaka kumi ijayo? Mlinzi wa kiota analipwa kila usiku wa miezi miwili. Mwenye ndoo analipwa jioni moja. Hesabu hiyo haihitaji skuli.

Mwingine kasema "afadhali wapigwe picha kuliko kuliwa". Hili limeniuma. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa. Msiba ule hauwezi kuwa mizani ya kupimia ubaya mwingine, kwamba madhali hatujafika pale basi tuko salama. Kula kasa ni haramu ya sheria na ni hatari ya roho. Kumchosha kasa mpaka afe kwa ajili ya picha nako ni kumuua. Yote mawili nayakataa, wala sioni kwa nini nichague.

Na kwa bwana aliyeuliza kwa nini siitaji hoteli wala jina la kijana: kwa sababu ndoo haiko sehemu moja. Tangu jana usiku nimeletewa ujumbe na watu wa pwani tatu tofauti, kila mmoja na ndoo yake. Nikitaja mmoja, wengine watashukuru na kuendelea.

Tumekubaliana wazazi kadhaa kuandika barua kwa sheha na kwa kamati ya wavuvi, na nakala iende wizara inayosimamia uvuvi. Tunaomba mambo matatu: marufuku ya kuwaweka watoto wa kasa kwenye chombo chochote kwa ajili ya wageni, taa za ufukweni zizimwe au zifunikwe kwenye fukwe zenye viota, na anayetembeza watu usiku awe na kibali kinachoonekana kifuani. Barua inakwenda Jumatatu. Mwenye picha au video ya ndoo, yenye tarehe na jina la ufukwe, aniletee kwa ujumbe wa faragha kabla ya Jumapili jioni niiambatanishe. Sura za vijana zifunikeni.