Aliyeona kipigo akanyamaza, naye ashtakiwe?

Kila inaposambaa video ya mtu anapigwa huku waliomzunguka wakirekodi kwa simu, wengi hudai sheria: shahidi aliyenyamaza naye apandishwe kizimbani. Hasira hiyo ninayo pia. Dai lenyewe nalipinga, na naomba wanaolitetea wanijibu.

Imani kwamba watu hawajali imelelewa sana na kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa New York Machi 1964. Gazeti la New York Times liliandika kuwa watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Haikuwa hivyo. Wengi walisikia kelele tu. Jirani mmoja alifoka kutoka dirishani, mshambuliaji akakimbia kabla ya kurudi. Jirani mwingine, mwanamke, alishuka akampakata Kitty akiwa mahututi. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kuwa taarifa ile ilikuwa na kasoro. Kwa zaidi ya nusu karne tumeaminishana unyonge kwa habari iliyotiwa chumvi!

Utafiti uliochapishwa 2019 ulichambua picha za kamera za mitaani zilizonasa ugomvi 219 Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika visa tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati. Tena watu walipokuwa wengi, uwezekano wa mtu kusaidiwa ulipanda.

"Mbona Ufaransa wana sheria hiyo?" Wanayo: kifungu 223-6 cha Sheria ya Adhabu, jela hadi miaka 5 na faini hadi euro 75,000. Kisomeni vizuri. Kinadai msaada usiomhatarisha mtoaji wala mtu mwingine, na kuita waokoaji kunahesabika. Kwa hiyo wanaosema sheria ya namna hii humlazimisha mtu kukikabili kisu nao wanakosea. Hofu yangu mimi ni nyingine. Jirani akijua kwamba kuchelewa kwake kunaweza kumfunga, polisi wakibisha hodi atasema alikuwa amelala. Aliyepigwa anabaki bila shahidi.

Halafu kuna nyumbani, ambako hakuna kamera wala umati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi anayemtenda ni mwenzi wake. Hapo watu wana visingizio tayari: ya mke na mume hayaingiliwi, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mwanamume anawaambia rafiki zake, "Jana nimemtia adabu," wanacheka, maongezi yanaendelea. Kwangu mimi, hao waliocheka ndio mashahidi tunaopaswa kuwafikia kwanza. Mmoja akisema, "Hilo silo la kuchekea, umempiga?" yule bwana amepoteza kibali alichokuwa anakitafuta. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu aseme hivyo. Anafundishwa, na anaona wenzake wakifanya.

Hata barabarani, kinachokosekana mara nyingi ni kujua la kufanya. Mtu amemshika mwanamke mkono kwa nguvu kituoni. Usimvae mshikaji. Msogelee mwanamke, simama karibu naye, umuulize, "Samahani dada, basi limeshapita?" Akijibu, hayuko peke yake tena, na mshikaji anajua ameonekana. Kukiwa na silaha, kaa mbali, piga simu, na umnyooshee kidole mtu mmoja: "Wewe mwenye shati jekundu, kamwite mlinzi." Ukiupigia kelele umati mzima, kila mtu humtazama mwenzake.

Najua jibu litakalokuja: utamaduni hubadilika polepole, na watu wanaumizwa leo. Ni kweli, na linaniuma. Lakini nanyi mnaotaka sheria nijibuni: mahakamani mtathibitishaje kwamba jirani alisikia, akaelewa alichosikia, na alikuwa na uwezo wa kusaidia? Na mkishindwa kuthibitisha, ni nani atakayekubali kutoa ushahidi safari ijayo?