Naomba ushauri: neno la Kirusi kwenye ripoti ya mama

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Nipo Mikindani, Mtwara. Mliosoma Urusi au mnaojua Kirusi vizuri, naomba mnisaidie.

Ripoti ya hospitali ya mama imeandikwa kwa Kiingereza. Daktari wa wazee aliyeko Kazan, anakosoma mdogo wangu, amekubali kuisoma, ila iwe kwa Kirusi. Nimekwama kwenye neno frailty. Si ugonjwa mmoja: mama amepungua uzito, anachoka upesi, anatembea polepole, mkono hauna nguvu. Msimu huu hata kubangua korosho kumemshinda, na ndiyo kazi yake tangu ujana. Inaniuma sana.

Kamusi inanipa slabost, lakini naona huo ni udhaifu wowote, hata wa aliyetoka kuugua mafua. Khrupkost inanipeleka kwenye kioo kinachovunjika. Dryakhlost nimeiacha, ni kama kumdhalilisha mzee. Halafu kwenye maandishi ya madaktari wao nikakuta starcheskaya asteniya, yaani udhaifu wa uzeeni.

Je, hilo la mwisho ndilo sahihi kwa ripoti ya daktari? Na panapotajwa misuli kukosa nguvu, slabost inatosha? Nataka kuituma wiki hii. Asanteni sana.