Sintetiki au oili ya kawaida? Kesho namwaga, nisaidieni

Kipepeo wa Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Kesho asubuhi namwaga oili ya pikipiki. Siku zote naweka ya kawaida, lita moja sh. 11,000. Jana kijana wa dukani kanionyesha ful-sintetiki, lita moja sh. 32,000, ananiambia nikiweka hiyo nasahau kumwaga miezi mitatu na injini haichemki hata nikipanda mlima na mishkaki (abiria wawili au zaidi). Ni kweli au maneno ya muuzaji? Niweke ipi? Natanguliza shukrani.

Fundi Msamvu
Mkuu, unauliza bei ya kiatu hutaji namba ya mguu. Pikipiki gani? Cc ngapi? Imeshatembea kilomita ngapi? Unapigia boda au unaendea kazini na kurudi?

Boxer Tu
Weka sintetiki ya Motul 7100, uzito 20W-50, habari iishe. Mimi tangu nianze kuweka hiyo, gia inaingia husikii hata "ko". Ukizoea hurudi nyuma.

Mama Hesabu
Boxer Tu, wewe unaendea kanisani Jumapili, usimshauri mtu wa boda. Mimi nina pikipiki tatu nimewapa vijana kwa mkataba. Zote naweka 20W-50 ya kawaida yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki. Kila wiki mbili kijana anakuja nyumbani, chupa nampa mimi, anamwaga nikiwa nimesimama pale. Ya kwanza ina mwaka wa nne na sijashusha injini. 32,000 kwangu ni hesabu ya siku tatu na zaidi, nimwage chini?

Kipepeo wa Kilosa
Ni 125, ya Kichina. Napigia boda. Kwa kukisia, siku ikichangamka nafika kilomita 120, siku mbaya 70 au 80.

Fundi Msamvu
Sasa tunaanza kuongea. Za Kichina 125 nyingi ni injini iliyoigwa Honda CG, ile ya fimbo mbili zinazosukuma valvu kutoka chini. Kama ni hiyo, jua kitu kimoja: haina filta ya karatasi. Ina wavu chini, halafu kwenye ncha ya krenki upande wa kulia kuna kikombe kinachozunguka, uchafu unarushwa pembeni unaganda humo. Wiki iliyopita nimefungua ya kijana mmoja, kikombe kimejaa ute mweusi mgumu kama lami ya juani, nimeukwangua kwa spoku ya tairi. Yule hajui hata kama kikombe kipo. Unaweza kuweka oili ya laki moja, uchafu ukishajaa pale hauna pa kwenda, unazunguka na gia zako. Ndiyo maana hiyo miezi mitatu mimi naikataa. Kwa kilomita 100 kwa siku, miezi mitatu ni kilomita 9,000. Bila filta! Muulize huyo kijana kama ya kwake anafanya hivyo.

Mama Hesabu
Na hesabu ni nyepesi. Kwa 33,000 anamwaga ya kawaida mara tatu. Kila kilomita 1,500 oili mpya, uchafu wote nje.

Boxer Tu
Mnaongea bei tu. Sintetiki haiungui haraka, na foleni ya Dar saa nane mchana injini inayopozwa na upepo haina upepo. Ile ya kawaida ukiimwaga baada ya wiki mbili ni maji. Shika kati ya vidole uone, haina utelezi tena.

Mkemia wa Mtaa
Kuwa maji kunatokana zaidi na gia. Kwenye gari, oili ya injini na ya giaboksi ni mbalimbali. Kwenye pikipiki zetu injini, gia na klachi zote zinaogelea kwenye lita moja ileile. Ndani ya 20W-50 kuna viongezi vya kuifanya isipoteze uzito ikipata moto, na meno ya gia yanavikatakata kila yanapokutana. Sintetiki nzuri inahitaji viongezi hivyo kidogo, kwa hiyo inavumilia zaidi. Hapo Boxer Tu yuko sawa.

Ila neno "sintetiki" lenyewe lisikutishe. Mwaka 1999 kule Marekani, Mobil walipeleka lalamiko kwenye chombo kinachoamua ugomvi wa matangazo, kwamba Castrol wanaita sintetiki oili inayotokana na mafuta ghafi yaliyochakatwa sana. Castrol wakashinda. Tangu hapo chupa mbili zinaweza kuandikwa neno lilelile, moja imeundwa kiwandani tangu mwanzo na nyingine ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kupita kiasi. Geuza chupa usome mgongoni, JASO kwanza. MA au MA2 ni ya klachi inayolowa, kama zetu. MB ni ya zile skuta zisizo na klachi ya kulowa, usiiguse.

Toto la Bugando
Hapo kwenye klachi acheni niwasimulie, maana niliyaona.

Mwaka juzi mtu wa duka la spea, silitaji, aliniambia "hii sintetiki ya gari ni kali kuliko ya pikipiki, halafu lita nne unapata kwa bei nzuri". Galoni ina picha ya gari jeupe. 5W-30. Nikasema si oili ni oili? Nikamwaga ya zamani, nikatia ile. Siku mbili za kwanza wakuu, raha tupu! Injini kimya, nyepesi, nikawa najisifu kijiweni.

Siku ya tatu usiku nampeleka nesi zamu, kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza. Wanaokijua wanakijua. Gia ya pili, navuta moto, injini inalia juu lakini pikipiki inatembea kama inavutwa na kamba. Nikashusha gia ya kwanza, ikasogea, ikagoma tena. Harufu ya kitu kinachoungua ikaja, kama nguo iliyoungua na pasi. Dada wa watu akaniuliza "kaka, tunarudi nyuma?" Ndiyo, tulikuwa tunarudi nyuma. Akashuka, akapanda kwa miguu na viatu vyake vyeupe. Hela sikumdai, nilimdai wapi?

Asubuhi fundi kafungua, sahani za klachi zinang'aa kama kioo, zingine nyeusi. Nikanunua seti nzima, nikamwaga na ile oili. Mgongoni mwa galoni kulikuwa na duara, chini yake limeandikwa Resource Conserving. Fundi akaniambia ukiona hayo maneno kimbia, humo wametia vitu vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Lita tatu zilizobaki nimempa shemeji mwenye gari.

Babu Plagi
Pole kijana. Lakini msiwatishe watu na oili ya gari. Mimi naweka 20W-50 ya gari tangu enzi za Honda CG yenyewe ya Mjapani, klachi haijawahi kuteleza.

Toto la Bugando
Shikamoo babu. Ya kwako ni nzito, nyingi za namna hiyo hazina hayo madawa. Ya kwangu ilikuwa 5W-30. Sisemi kila ya gari ni mbaya.

Babu Plagi
Marahaba. Basi sema hivyo. Na hii sintetiki inavujisha sili, hilo nalo mseme.

Mkemia wa Mtaa
Babu, hiyo ni habari ya zamani. Za leo hazili sili. Ila kama sili imeshachoka na ilikuwa imezibwa na utando wa uchafu, oili yenye sabuni nyingi inausafisha utando, ndipo unaona matone chini.

Babu Plagi
Kwa hiyo inavuja.

Mkemia wa Mtaa
Sili ndiyo inavuja, babu.

Babu Plagi
Mimi naangalia sakafu.

Nduthi ya Molo
Niaje watu wa TZ. Huku Molo asubuhi saa kumi na moja kuna baridi ya kuuma masikio. Nikiwa na 20W-50 kick ilikuwa ngumu, lazima nipige mara sita. Nduthi (pikipiki) yangu ni Honda, kitabu chao kinataka 10W-30, nikarudi kwa hiyo, mara mbili imeamka. Kwa hivyo swali si sintetiki pekee, ile namba ya kwanza pia inajalisha. Kilosa kuna baridi ama joto?

Kipepeo wa Kilosa
Joto ndugu. Baridi labda Juni na Julai, na si ya hivyo.

Sasa wakuu, nilisahau kusema. Pikipiki nilinunua mkononi mwa mtu, kwa hiyo kilomita sijui. Mita ilishakufa, kamba imekatika tangu nainunua. Halafu kila wiki naongeza oili kama robo lita hivi, inapungua. Na asubuhi nikiwasha inatoa kamoshi ka bluu kidogo, kakishapata moto kanaisha. Hiyo sintetiki haiwezi kusaidia hapo?

Fundi Msamvu
Yaani tumeandika ukurasa mzima!

Mama Hesabu
😂😂 Robo lita kila wiki, halafu unataka kununua ya 32,000 uichome.

Fundi Msamvu
Sikiliza mkuu. Moshi wa asubuhi unaoisha, mara nyingi ni sili za valvu, oili inachuruzika usiku inaingia chumba cha moto. Ukitoka hata unapovuta moto barabarani, hapo ni ringi na silinda. Kwanza niambie unapimaje. Ile fimbo ya kupimia huikazi. Unaifuta, unaichomeka tu ikae juu ya uzi wake, pikipiki imesimama wima kwa stendi kubwa, injini imepumzika dakika kadhaa. Wengi wanaisimamisha kwa stendi ya pembeni, oili inalala upande mmoja, wanaona haipo, wanaongeza. Ikizidi inapumuliwa kwenye bomba la hewa, wanaona moshi, wanasema inakula oili.

Kipepeo wa Kilosa
Mimi naikaza kwanza ndiyo naichomoa. Na stendi kubwa ilishakatika.

Fundi Msamvu
Nimenyamaza. (Tafuta mtu aishike wima, upime upya.)

Boxer Tu
Bado nasema, akishabadilisha ringi aweke Motul.

Mama Hesabu
Ringi mpya na sintetiki siku ya kwanza? Zitakaaje kwenye silinda? Aanze na ya kawaida, aimwage kilomita mia tano za mwanzo.

Boxer Tu
Mia tano atazijuaje na mita haina kamba?

Mwenge Furniture
Samahani kwa kuingilia. Hiyo mnayomwaga huwa mnaipeleka wapi? Natafuta oili chafu ndoo mbili za kupaka mbao za paa, mchwa wamenishinda.

Mama Hesabu
Ndugu, ya kwangu inachukuliwa na jirani, anapaka nguzo za banda. Vaa glavu tu, na usimwage karibu na kisima. Muulize mtoa mada, kesho anamwaga.

Kipepeo wa Kilosa
Imenyesha tangu alfajiri, sijamwaga. Nimepima kwa kuishika wima kama fundi alivyosema, fimbo imetoka kavu kabisa. Kwa hiyo ndugu wa mbao, yangu haitakutosha hata ubao mmoja.